Carey Francis: Odijo Mwenye Firimbi Ambaye Maboyz Wake Waliishia Kuongoza Kenya

Sasa skia. Ukiambiwa utaje makocha wako wakali wa wakati wote, haitakuchukua hata sekunde kumi. Utaanza na Ferguson, utarusha Mourinho na Guardiola, halafu ukitaka kuonekana mzalendo utaongeza Marshall Mulwa, yule aliyebebea Harambee Stars kombe la CECAFA mara 3 mfululizo, 1981 hadi 1983. Hapo ndio wengi huishia. Kocha wa shule hamtaji. Yule odijo anayefunza hesabu asubuhi, na jioni anatoka na boli moja iliyochoka na firimbi shingoni, awe ako Kakamega ama kule Kutulo kwenye barabara ya Wajir kwenda Elwak, huyo huwa hatumweki kwa list yoyote. Tunamkumbuka tu tukikutana naye tauni na tunajifanya tuko bize.

Basi leo nakupa story ya odijo mmoja wa hiyo laini. Alikufa kitambo sana, 1966, kabla hata buda yako hajaanza nursery. Jina lake ni Edward Carey Francis. Kama umesomea Alliance ama Maseno umelisikia mpaka likakuchosha. Kama hukusomea huko, tulia, kwa sababu huyu msee alishika maisha yako kuliko unavyodhani.

Alizaliwa London, mtaa wa Hampstead, Septemba 1897. Si kwa familia ya malodi. Alikuwa kijana wa kusoma na kucheza, wale wa kukuboesha darasani kwa kuwa namba moja halafu jioni bado wako uwanjani. Vita Vya Kwanza vya Dunia vikampata bado mdogo, akapelekwa Ufaransa kama ofisa wa mizinga. Alitoka mzima, kitu ambacho wengi wa rika lake hawakupata. Akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma hesabu, na hapo ndio unaanza kuelewa huyu alikuwa kichwa ya aina gani: alipita na daraja la kwanza, akapewa kazi ya kufunza hapo hapo Cambridge, akawa mmoja wa walimu wa Peterhouse, chuo kikongwe kuliko vyote pale, kilichoanzishwa 1284. Hiyo ni kazi ya kukaa mpaka uzeeke. Chumba kizuri, chakula cha mezani, heshima, marupurupu. Mtu akipata hiyo leo, ocha nzima inachinja mbuzi.

Yeye aliiacha. 1928, akiwa na miaka 31, alijiunga na wamishonari wa CMS na kuja kuwa prinsi wa shule ya Maseno, pale laini ya ikweta inapopita. Si kwa mshahara, maze, kwa sababu mmishonari alilipwa kitu kidogo cha kumsukuma mwezi. Hakuwa na bibi, hakuwa na watoto, na hakuwahi kupata. Maisha yake yote yaliyobaki, miaka 38, aliyamalizia kwa watoto wa wenyewe, hapa Kenya.

Sasa tubonge boli. Wakati Carey Francis anashuka Maseno, kabumbu ilikuwa tayari imeshika nchi. Kombe la Gossage, ile mechi ya Kenya na Uganda iliyodhaminiwa na kampuni ya sabuni, lilikuwa limeanza 1926, miaka 2 tu kabla aje. Wamishonari walikuwa wanaipenda hii game kwa sababu zao: kijana akichoka uwanjani jioni hana nguvu za kuhepa usiku kwenda ngoma. Hiyo ni kweli na hakuna haja ya kuipaka sukari. Mchezo shuleni ulikuwa pia njia ya kumshika kijana. Wazungu walikuwa wamelelewa hivyo kwenye mashule zao, na wakaja na hiyo system kwa begi.

Lakini kuna mzungu wa kutuma watoto uwanjani halafu yeye aende kunywa chai, na kuna yule anayeingia mwenyewe. Carey Francis alikuwa huyu wa pili. Picha ambayo wanafunzi wake walibaki nayo ni ya mwanaume mwembamba aliyedunga kaptura, anatembea kwa mwendo wa kasi kama mtu aliyechelewa matatu ya mwisho. Alicheza nao, alikuwa kocha wao, alikuwa refa. Sheria za uwanja alizichukulia serious vile alichukulia sheria za hesabu. Ukicheza rafu na upate bao, kwake hilo lilikuwa kama jibu ulilochungulia kwa desk ya jirani. Lipo, lakini si lako.

Jaribu kuona hiyo Maseno kwa macho yako. Shule ya bweni, vijana wa Kijaluo na vijana wa Kiluhya wametupwa pamoja, kila mmoja ametoka kwao akijua wale wengine si watu wa kuaminiwa. Unawaweka 11 kwa timu moja. Hapo lugha ya mama haisaidii, ukoo hausaidii. Ni kupasiana ama kupigwa. Leo tunaiona ni kawaida, kila timu ya shule imechanganyika. 1930 hiyo ilikuwa kitu kipya kabisa, na wengi wa wale vijana walikuwa wanaikutana kwa mara ya kwanza hapo.

Mmoja wa vijana waliopitia mikononi mwake Maseno alikuwa anaitwa Oginga Odinga. Ndio, huyo huyo, Jaramogi, buda wa Raila. Jaramogi alikuja kuandika kitabu, Not Yet Uhuru, kikatoka 1967, na huyo prinsi wake wa zamani ako ndani. Jaramogi alimheshimu sana na bado hakukubaliana naye kwa mengi. Nataka ushike hiyo combination ya heshima na kukataa, juu utaiona tena.

1940 Carey Francis akahamishwa Kikuyu, akawa prinsi wa pili wa Alliance High School. Alliance ilikuwa imeanzishwa 1926 na muungano wa makanisa ya Kiprotestanti, na prinsi wa kwanza, G. A. Grieve, alikuwa ameiweka kwa msingi mzuri. Mpya akaongeza moto. Alikaa hapo miaka 22, mpaka 1962.

Siku ya Alliance ilikuwa imepigwa pasi. Tarumbeta asubuhi, usafi, ukaguzi, ibada, masomo, kazi za mikono, michezo, ibada tena. Motto ya shule inasema kitu kama kuwa imara ili utumikie wengine, na huyo jamaa aliiamini mpaka kwa mifupa. Wanafunzi walimwogopa. Kiboko kilikuwepo, kama shule zote za enzi hizo. Lakini pia walijua anawajua, mmoja mmoja. Na kwa hesabu hakuwa na mpinzani: aliandika hadi vitabu, na Highway Arithmetic yake iliwatoa jasho watoto wa primary kizazi baada ya kizazi. Ukimuuliza shosh yako kuhusu hicho kitabu, angalia sura yake itakavyobadilika.

Kitu alichofanya Alliance kikauma serikali ya mkoloni bila yeye kupiga kelele ni hiki. Hao wazungu wa Nairobi walikuwa wanaamini kijana Mwafrika anaweza kufunzwa useremala na kulima, basi. Carey Francis akawapa wanafunzi wake mtihani ule ule wa Cambridge ambao watoto wa masettler walikuwa wanafanya, na maboyz wakaupita. Mwaka baada ya mwaka. Hakuna hotuba ya siasa iliyoweza kujibu hiyo.

Na siasa zenyewe hakuzipenda. Hapa ndio story inakuwa tamu na chungu pamoja. Huyu jamaa alikuwa anatengeneza walimu, madaktari, maklaki waaminifu, Wakristo wasiokula hongo. Hakukaa chini akasema anatengeneza serikali ya Kenya huru. Lakini ukisanya vijana wakali kuliko wote nchini, uwakalishe bweni moja, uwafunze kuongoza wenzao kama maprefekti, uwaambie refa ni wa kila mtu na sheria haijali wewe ni nani, halafu uwaachilie kwa nchi ambayo refa ni mzungu na sheria zote ni za mzungu, unategemea nini? Walitoka nje, wakaangalia hiyo mechi, wakaona imeuzwa.

Ronald Ngala alipita Alliance. Charles Njonjo alipita Alliance. Jeremiah Nyagah alipita hapo pia. Ukipekua serikali ya kwanza ya 1963, mawaziri na makatibu wakuu, unakutana na Alliance kila kona, mpaka watu wa Mang'u wakajitetea kwamba wao walitoa Tom Mboya na Mwai Kibaki. Haki yao. Hiyo rivalry bado iko.

Sasa wewe unayesoma hii ukiwa Kutulo, ama Wajir, ama Garissa, najua unauliza: na sisi tulikuwa wapi kwa hiyo timu? Swali halali kabisa, na ndilo mara nyingi huachwa nje watu wakisifu Alliance.

Hamkuwa hata kwa majaribio. Wakati wote Carey Francis akiwa prinsi, hiyo sehemu yote ilikuwa Northern Frontier District, na mkoloni alikuwa ameifunga kisheria. Kuingia ulihitaji kibali, kutoka ulihitaji kibali. Shule za misheni, ambazo ndizo zilikuwa zinalisha Alliance, zilikuwa Nyanza, Ukambani, Mlima Kenya, Pwani kidogo. Kocha anaweza kuwa na macho makali aje, lakini anachagua kutoka kwa wale waliofika uwanjani. Mtoto wa mfugaji kule Elwak aliyekuwa na kichwa ya hesabu kuliko wote hakuwahi kuonekana na huyo mzungu, na mzungu hakuwahi kumjua. Simlaumu yeye kwa ramani ambayo hakuchora. Lakini pia siwezi kukuambia alichagua timu ya Kenya. Alichagua timu ya nusu ya Kenya.

Na hiyo nusu ndiyo ilikabidhiwa nchi. Desemba 1963, Uhuru haujamaliza hata mwezi, serikali mpya ikatangaza hali ya hatari kaskazini, vita vya shifta vikaendelea mpaka 1967, na hiyo hali ya hatari haikuondolewa hadi 1991. 1970 bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyofanya huko katika ile miaka ya vita. Mwanasheria mkuu alikuwa nani? Charles Njonjo, kijana wa Alliance. Yale masomo ya refa kutopendelea upande, hapo yaliachwa bweni.

Halafu kuna hii ya walimu. Carey Francis alitoka Cambridge akaenda mahali hakuna mtu alikuwa anataka kwenda. Kaskazini, miaka hii yetu, shida imekuwa kinyume: walimu wanakimbia, na huwezi kuwacheka. Novemba 2014 basi lilisimamishwa Mandera, watu 28 wakauawa, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wanaenda nyumbani Krismasi. Aprili 2015 ikawa chuo kikuu cha Garissa, watu 148. Januari 2020 walimu 3 wakauawa Kamuthe, na TSC ikahamisha walimu wengi wasio wa huko. Kila walimu wakiondoka kuna darasa la hesabu linabaki na ubao mtupu, na kuna timu ya shule inabaki na boli bila mtu wa kupuliza firimbi. Na bado kuna waliobaki. Desemba 2015, kwenye hiyo hiyo barabara ya Mandera, karibu na Elwak, basi lingine lilivamiwa na abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Mmoja wao alikuwa mwalimu, Salah Farah. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Ile filamu ya Watu Wote ya 2017, iliyofika mpaka Oscars, imetoka kwa kisa hicho.

Turudi Kikuyu, kwa sababu mtihani mkubwa wa Carey Francis mwenyewe ulikuja 1952, mkoloni alipotangaza hali ya hatari ya Mau Mau. Alliance iko katikati kabisa ya hiyo moto. Wanafunzi wake wengi wametoka kwa familia ambazo buda ako kizuizini, ama bro ako msituni, ama zote mbili. Yeye aliuchukia Mau Mau, hakuficha, na kiapo kwake kilikuwa dhambi. Lakini pia hakunyamaza kuhusu upande wa serikali. Alilalamika wazi kuhusu ukatili wa askari na home guard kwa raia, kitu ambacho wazungu wengi wa umri wake na nafasi yake hawakuthubutu.

Ukitaka kuiona hiyo miaka kutoka ndani, Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwanafunzi hapo, 1955 hadi 1958, na 2012 akatoa kitabu kizima kuhusu hiyo shule, In the House of the Interpreter. Kijana anafunga shule, anarudi nyumbani likizo, anapata kijiji hakipo. Kimebomolewa, watu wamehamishwa kwa lazima. Bro wake ako msituni. Anarudi Alliance, anavaa uniform, anasimama kwa gwaride, na mbele yake ni huyo mzungu wa kaptura anayemlinda akiwa ndani ya geti na ambaye watu wa rangi yake ndio wamebomoa kwao. Unamchukia ama unamshukuru? Ngũgĩ alikuja kuwa mkali kuliko wote kwa kukataa kila kitu cha mkoloni, mpaka lugha yake, na bado alipomwandika Carey Francis hakumchora kama shetani. Si ule mchanganyiko wa Jaramogi tena?

Kuna mwingine siwezi kumruka, kwa sababu hapa tunaongea boli. Kenneth Matiba, kijana mwingine wa Alliance, alikuja kuwa mwenyekiti wa shirikisho la soka Kenya, KFF, miaka ya 70. Watu wengi wanamjua kwa siasa, 1990 alipodai vyama vingi na Moi akamtupa kizuizini, akatoka huko akiwa mgonjwa. Kabla ya hayo yote, wazee wa boli walikuwa wanamjua kama boss aliyetaka soka iendeshwe kwa hesabu safi. Sisemi alijifunza hiyo kwa Carey Francis uwanjani, sikuwa hapo. Lakini ukifahamu shule aliyotoka, haikushangazi.

Sasa cheki vile huyu mzee alimaliza. 1962 amefika miaka 65, anastaafu. Ni mzungu mwenye nishani ya malkia, ana jina kubwa, wanafunzi wake wako karibu kushika nchi. Angerudi Uingereza akakae kwa bustani. Angeomba kiti kwa bodi fulani, asingenyimwa. Wazungu kibao walikuwa wanafunga virago hizo siku, wanaogopa Uhuru.

Yeye akaenda Pumwani.

Ndio, Pumwani ya Nairobi, Eastlando, karibu na Gikomba. Akaomba kazi ya kufunza kwa shule ya sekondari ya Pumwani, si kama prinsi, kama mwalimu wa kawaida tu. Fikiria Ferguson anaachana na Old Trafford halafu msimu unaofuata unampata anapanga koni kwa uwanja wa mtaa, kuna kocha mwingine juu yake, na haoni shida. Watoto aliokuta huko hawakuwa wale waliochujwa nchi nzima kama wa Alliance. Walikuwa watoi wa mtaa, wale waliokosa nafasi kwingine. Kwangu mimi, hii miaka 4 ya Pumwani inasema mengi juu yake kuliko ile 22 ya Alliance. Pale Alliance kila mtu alikuwa anamtazama.

Alifunza hapo mpaka mwisho. Alifariki tarehe 27 Julai 1966, akiwa na miaka 68, bado ni mwalimu. Walimzika Alliance, kwenye shule yenyewe, na maboyz wake wa zamani waliokuwa sasa wakubwa serikalini walikuja kumzika.

Lakini angalia tarehe vizuri. Aprili mwaka huo huo Jaramogi alikuwa ameacha umakamu wa rais na kuanzisha chama chake, KPU. Juni kukawa na ule uchaguzi mdogo ambao serikali ya Kenyatta iliutumia kumbana yeye na wenzake. Ngala alikuwa amevunja KADU na sasa ako ndani ya KANU. Njonjo ndiye mwanasheria mkuu. Mzee anashushwa kaburini Kikuyu, na vijana wake hawako tena timu moja.